Niliyojifunza Kwenye Kiwanja cha Vipimo vya Hali ya Hewa

Vijana wengi wanaonitafuta kuuliza habari za kazi ya hali ya hewa huanza na kompyuta. Wamesikia kuhusu setilaiti, rada na modeli za kompyuta, na wanataka kujua watafundishwa programu gani. Mimi huwaanzishia kwingine: kwenye kiwanja chenye nyasi fupi, kisanduku cheupe cha mbao chenye upenyo wa hewa ubavuni, kipima mvua, na mtu aliyeamka saa tisa usiku kwenda kusoma vipimo. Huko ndiko nilikoanzia, nikiwa mwangazi, yaani mtu wa kupima na kuandika hali ya hewa, kabla sijawa mtabiri. Kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba asiyeithamini ile saa tisa ya usiku hataelewa vizuri chochote kinachofuata.

Saa tisa haikuchaguliwa ili kututesa. Vituo vya dunia nzima hupima kwa wakati mmoja, kwa kufuata saa ya Greenwich, na usiku wa manane wa Greenwich kwetu Afrika Mashariki ni saa tisa. Mwangazi wa Mwanza anapofungua kisanduku chake, mwenzake wa Muscat na wa Lisbon naye yuko kwenye kiwanja chake. Vipimo vyao vikikusanywa hupatikana picha ya anga yote kwa dakika ileile moja. Ukichelewa saa nzima, unachokipima ni hali nyingine. Ile ya saa tisa imekwenda zake na hakuna chombo cha kuirudisha.

Nilisoma Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa kule Kigoma. Mwalimu aliyetufundisha uangazi hakuwa mtu wa kurudia maneno. Usipumulie kipimajoto. Soma kwanza sehemu za kumi, ndipo usome nyuzi kamili, kwa sababu joto la mwili wako likikaribia, zile sehemu za kumi ndizo zinazoanza kubadilika. Jicho lilingane na ncha ya zebaki. Ukitazama kutoka juu au chini unapata namba ya uongo. Kuna vipimajoto viwili vinavyosimama pamoja, kimoja kikavu na kingine kimefungwa kitambaa chembamba kinachonyonya maji. Maji yanapokauka kwenye kitambaa hupoza kile cha pili. Hewa ikiwa kavu, tofauti kati ya viwili huwa kubwa. Asubuhi ya ukungu mzito husoma karibu sawa. Kutokana na tofauti hiyo unapata unyevu wa hewa, na unyevu ndio chakula cha mvua. Halafu unainua uso kutazama mawingu: anga inagawanywa sehemu nane, unakadiria ni sehemu ngapi zimefunikwa, mawingu ni ya aina gani, yako juu kiasi gani. Yote hayo huandikwa kwa mafungu ya tarakimu tano tano yakitanguliwa na namba ya kituo. Vituo vyetu huanza na 63. Mwanza ni 63756. Kwa njia hiyo, mtu wa nchi yoyote anasoma anga ya Mwanza bila kujua hata neno moja la Kiswahili.

Jambo lililonifungua macho kuliko mengine ni mgandamizo wa hewa. Vitabu tulivyokuwa tukisoma vilieleza kwamba mgandamizo ukishuka, dhoruba inakuja. Nilipoanza kazi nikaona mgandamizo unashuka kila siku mchana, jua linawaka, hakuna dhoruba wala dalili yake. Huku kwetu, karibu na ikweta, hewa nayo hujaa na kupwa kama bahari, mara mbili kwa siku: hupanda hadi karibu saa nne asubuhi, hushuka hadi saa kumi alasiri, hupanda tena hadi saa nne usiku, na kushuka mpaka alfajiri. Chanzo chake ni jua kupasha joto tabaka za juu za anga. Ulaya nao wanalo wimbi hilo, ila ni dogo na mifumo yao mikubwa ya hali ya hewa hulifunika. Kwetu ni kinyume: hektopaskali (kipimo cha mgandamizo) mbili au tatu za kila siku zinaweza kuwa kubwa kuliko mabadiliko yote yanayoletwa na mvua yenyewe. Ndiyo maana mwangazi wa tropiki hulinganisha mgandamizo wa sasa na wa jana saa kama hiyo. Tangu nilipolielewa hilo nikaacha kuamini kwamba sayansi hii imekwisha kuandikwa, na kazi yetu ni kuinakili tu. Fizikia ni moja dunia nzima, lakini anga yetu ina tabia zake, na anayepaswa kuzijua kuliko wote ni mtu anayeishi chini yake.

Tabia nyingine inatokana na mzunguko wa dunia. Mbali na ikweta, dunia inavyozunguka hupindisha upepo kwa nguvu, na hapo ndipo zinapozaliwa zile pepo kubwa za mviringo zinazoonekana kwenye ramani za Ulaya. Kwenye ikweta nguvu hiyo ni sifuri, na ndani ya nyuzi tano hivi za latitudo kila upande ni hafifu mno kwa kimbunga kujisokota. Hili ndilo linalosaidia kuikinga pwani yetu. Watu wameligeuza kuwa imani kwamba vimbunga haviji kwetu kabisa, na hapo ninapinga kwa nguvu zangu zote. Zanzibar ilipigwa Aprili 1872, mikarafuu ikang'olewa kwa wingi. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilielekea kwetu kikafifia kabla ya kutua. Mwanzoni mwa Mei 2024 Hidaya ikafika Mafia. Ilikuwa imeanza kupoteza nguvu, lakini mvua yake ilikata barabara ya kusini kule Kilwa, na kwa siku kadhaa magari ya kwenda Lindi na Mtwara yakakwama. Mafia iko nyuzi karibu nane kusini mwa ikweta, na bahari ikiwa na joto la kutosha, nyuzi nane zinatosha kwa kimbunga kufika.

Nilikuwa zamu baadhi ya saa za Hidaya. Kazi ya siku kama zile haifanani na watu wanavyoifikiria. Picha za setilaiti zinaingia kila robo saa, rada inazunguka, modeli zinatoa njia zinazotofautiana, na wewe unaandika sentensi ambayo nahodha wa jahazi na mkuu wa wilaya wote wataisoma. Neno moja likizidi, watu hawatakusikiliza mara nyingine. Likipungua, kuna atakayetoka baharini.

Modeli zenyewe ni nini? Mwaka 1904 Mnorwe Vilhelm Bjerknes alisema kwamba ukijua hali ya anga sasa hivi, na ukizijua kanuni za fizikia, unaweza kuikokotoa ya kesho. Mwingereza Lewis Fry Richardson alijaribu kwa mkono akiwa anahudumu kwenye magari ya wagonjwa Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Akakokotoa saa sita tu za tarehe 20 Mei 1910, na jibu likampa mabadiliko ya mgandamizo ya hektopaskali 145, ambayo hayajawahi kutokea. Akalichapisha hivyohivyo mwaka 1922, pamoja na njia yake nzima. Ninamheshimu sana mtu huyu, kwa sababu njia ilikuwa sahihi na baadaye ikajulikana kwamba kasoro ilikuwa kwenye takwimu za kuanzia. Mwaka 1950 kompyuta ya ENIAC kule Marekani ikafanikisha alichokianza.

Takwimu za kuanzia ndizo zilizomshangaza pia Mmarekani Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa, mwaka 1961. Alirudia hesabu ya hali ya hewa kwenye kompyuta, akaandika 0.506 mahali pa 0.506127. Alipotazama tena, hali ya hewa iliyotoka haikufanana kabisa na ya kwanza. Tofauti iliyokuwa ndogo kuliko mwangazi yeyote angeweza kuiona kwa jicho ilikuwa imekua hadi kumeza utabiri wote. Nilipolisoma hili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nilimkumbuka mwalimu wangu wa Kigoma na zile sehemu zake za kumi.

Kwa sababu hiyo, siku hizi vituo vikubwa haviendeshi hesabu moja. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa muda wa kati huendesha mara 51, kila mara kikianza na tofauti ndogo. Majibu 40 yakisema mvua na 11 yakisema hapana, mtabiri anajua amebeba uhakika kiasi gani. Ndiyo maana ya asilimia. Tunaposema uwezekano wa mvua ni mkubwa katika maeneo machache ya mkoa, hatujifichi. Modeli hukata anga kuwa vyumba, na chumba cha kilomita tisa kwa tisa ni kikubwa kuliko mawingu mengi ya radi. Mbagala inaweza kunyeshewa hadi maji yaingie ndani huku Tegeta nguo zimeanikwa zinakauka, na utabiri wa Dar es Salaam ukawa sahihi.

Ila mahali palipoifundisha nafsi yangu ni Ziwa Victoria.

Ziwa lile lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000, kwa hiyo linajitengenezea hali yake ya hewa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo hutoka ziwani kwenda pwani zote, na mawingu hujijenga juu ya vilima. Ziwa linabaki jeupe na tulivu. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji yanabaki na joto, na upepo hutoka Musoma, Mwanza, Bukoba, Kisumu na Entebbe kuelekea katikati. Hewa ya pande zote ikikutana haina pa kwenda ila juu. Chini yake kuna maji ya uvuguvugu yanayoilisha unyevu. Unyevu ukigeuka matone hutoa joto, joto linaisukuma hewa juu zaidi, na kabla ya alfajiri kuna mawingu ya radi yenye urefu wa kilomita zaidi ya kumi. Upepo unaoporomoka kutoka kwenye mawingu hayo ndio unaopindua mitumbwi.

Sasa tazama wavuvi wa dagaa. Wao huvua usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa. Wanatoka jioni, ziwa likiwa limetulia kuliko wakati wowote wa siku, na wanarudi alfajiri. Saa zao za kazi na saa za radi ni zilezile. Kwa makadirio, kila mwaka ziwa hilo linachukua maelfu ya watu katika nchi zetu tatu, na wengi hata habari haziandikwi.

Tulikuwa tumekwenda kwenye mwalo mmoja upande wa Mwanza kueleza taarifa zetu, tumekaa na viongozi wa BMU, vile vikundi vya usimamizi wa mialo, na wavuvi chini ya banda la kuanikia nyavu. Nikasoma utabiri kama ulivyokuwa umeandikwa: upepo wa kilomita 40 kwa saa, mawimbi ya mita mbili. Mzee mmoja akanisikiliza hadi mwisho, akauliza kwa upole: "Mwanangu, hizo kilomita arobaini, ni upepo wa kunizuia kutoka au wa kunizuia kurudi?"

Nimelibeba swali hilo hadi leo. Taarifa ilikuwa sahihi kwa kila kipimo, lakini kwa mtu anayeondoka saa kumi na mbili jioni haikuwa na jibu. Alihitaji kujua saa, na upande wa ziwa. Akijua kwamba radi itaanza upande wa magharibi baada ya saa nane usiku, anaweza kuvua karibu na kisiwa au kurudi mapema akiwa na ndoo chache. Kati ya 2017 na 2021 nchi zinazolizunguka ziwa zilifanya kazi pamoja katika mradi wa HIGHWAY, uliolenga hasa tahadhari za mapema kwa watu kama yule mzee. Ninapowasimamia vijana wapya, huwapa zoezi: chukua utabiri wa leo, uandike upya kwa mtu mmoja unayemfahamu, mwenye kazi moja, mwenye saa maalumu za kutoka na kurudi. Wengine huona kwamba hiyo ni kazi ya waandishi wa habari. Hapana, ni yetu, kwa sababu mwandishi hajui ni kipi katika takwimu kinachoweza kuachwa bila kumuua mtu.

Kwa wakulima kuna jambo ambalo natamani lifahamike zaidi. Watu hutudai utabiri wa masika uwe mzuri kuliko wa vuli, maana masika ndiyo mvua kubwa. Anga imepanga vingine. Vuli, ya Oktoba hadi Desemba, imefungamana sana na joto la bahari: El Niño kule Pasifiki, na tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki ya Bahari ya Hindi. Upande wetu wa bahari ukiwa na joto kuliko kawaida na upande wa Sumatra ukiwa baridi, vuli huwa nzito. Ilikuwa hivyo mwaka 1961, mwanzo wa miaka michache ambayo Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili. Ikawa hivyo tena 1997, 2019 na 2023. Bahari hubadilika polepole, kwa hiyo tunaona mapema. Masika haina kamba imara namna hiyo. Inategemea zaidi mambo yanayokuja na kupita kwa wiki. Utabiri wa msimu wa masika ni wa kusikilizwa, lakini mkulima afuatilie pia taarifa za kila siku kumi, kwa sababu huko ndiko tunakorekebisha.

Sasa kuhusu ajira, kwa kuwa ndilo swali lenyewe. Njia ziko mbili kubwa. Ya kwanza ni ya ufundi: unaingia Kigoma ukiwa na ufaulu mzuri wa fizikia, hisabati na jiografia, unatoka mwangazi au fundi sanifu. Ya pili ni shahada ya hali ya hewa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Chuo Kikuu cha Nairobi kwa walio Kenya. Mimi nilipita ya kwanza kisha ya pili, na ningerudia vivyo hivyo. Ukiingia, utaona kwamba utabiri wa runinga ni kipande kidogo. Hakuna ndege inayoruka bila taarifa ya hali ya hewa ya kiwanja inakotoka na inakokwenda, kwa hiyo viwanja vya ndege vinahitaji watu usiku na mchana. Kuna hali ya hewa ya kilimo na ya bahari. Kuna mafundi wa vifaa, watu wasiojulikana na muhimu kupita maelezo, wanaolinganisha vipimajoto na kutengeneza rada. Kuna watunza takwimu. Nje ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kuna mabwawa ya umeme, bima ya mazao na mashirika ya maafa. Wasichana huniuliza kuhusu zamu za usiku. Ni ngumu ukiwa na mtoto mchanga, sitaficha. Panga mapema na familia, na usikubali kuhamishiwa ofisini moja kwa moja eti unahurumiwa. Zamu ndiyo shule.

Wengine wana hofu ya akili mnemba. Ni kweli mambo yamebadilika: GraphCast, modeli ya utabiri ya akili mnemba ya Google, ilitoka 2023, na Februari 2025 kile kituo cha Ulaya kilianza kutumia rasmi modeli yake ya aina hiyo. Zinafanya kwa dakika chache kazi iliyokuwa inachukua kompyuta kubwa saa nzima. Lakini zimejifunza kutoka kwenye kumbukumbu za hali ya hewa za miaka mingi iliyopita, na kumbukumbu hizo ni nene Ulaya na Marekani, nyembamba Afrika. Kituo kilichofungwa Rukwa mwaka fulani hakiwezi kufidiwa na werevu wa mashine. Kwa hiyo ninavyoona mimi, uhitaji wa mwangazi makini umeongezeka.

Shule yenye mwalimu wa jiografia mwenye ari inaweza kuanza hata muhula huu. Kuna vituo vingi vya mvua vinavyoendeshwa na watu wa kujitolea, mashuleni na kwenye misheni. Kipima mvua kiwekwe mbali na miti na mapaa. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Wanafunzi wakikokotoa mvua ya milimita 50 ni maji kiasi gani juu ya kilomita moja ya mraba, watapata lita milioni 50, na wataelewa kwa nini mtaro wa kijiji ulishindwa. Pimeni kila siku saa tatu asubuhi, pamoja na Jumapili na likizo. Siku ambayo haikunyesha andikeni sifuri, msiache nafasi wazi, kwa sababu atakayefungua daftari hilo baadaye hatajua kama mvua haikunyesha au hakuna aliyekwenda kupima.